Sekunde Arobaini na Moja za Mjomba

Mimi ni mchuuzi wa mbuzi, na mchuuzi wa mbuzi hahesabu mara moja. Nahesabu vichwa, kisha nahesabu miguu na kugawa kwa nne, na hesabu zikikataana najua kuna mtu ananichezea. Naandika haya mapema ili msomaji asifikiri mimi ni mtu wa kudanganywa ovyo. Nilidanganywa kwa shida. Ilihitaji sekunde arobaini na moja.

Nilikuwa Kakuma, siku ya pili ya mafunzo ya siku mbili. Shirika moja lilikuwa limetuita akina mama wa sokoni, nusu kutoka kambi ya wakimbizi na nusu wenyeji, tufundishwe jinsi habari inavyosafiri na jinsi ya kuipima kabla ya kuisambaza. Sikwenda kwa kupenda elimu. Nilienda kwa sababu ya chakula cha mchana, na kwa sababu walisema nauli inarudishwa. Tulikuwa ishirini na sita. Nilipohesabu tena tukawa ishirini na saba, nikagundua nimemtia na mwalimu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Mkongomani, mkimbizi wa miaka mingi, mwembamba, shati lake lina mistari ya pasi ya kukatia nyanya. Alichora maboksi ubaoni na kuyaunganisha kwa mishale.

"Huyu njo mtumaji," alisema. "Anatuma ujumbe. Ujumbe inapita mu njia, inafika kwa mupokeaji. Hapa katikati kuna makelele. Makelele njo ile kitu inaharibu." Kisha akachora mshale mmoja wa kurudi nyuma. "Na hii ni mrejesho. Mupokeaji anauliza, mtumaji anajibu. Kama hii mushale hakuna, bamama, hayo si mazungumuzo. Hiyo ni mvua, inakunyeshea tu."

Nikamwambia sisi sokoni tuna huo mshale wa kurudi peke yake, hayo maboksi mengine angeweza kuyafuta. Mtu akitaja bei, unamrudishia. Mama mmoja Mrundi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Mwalimu akaniita mbele kama mwanafunzi bora, akanipa chaki niandike maswali yake matatu. Nani amesema? Alisema lini? Nani anafaidika? Wakanipigia makofi. Nilirudi kitini nikiwa na chaki vidoleni na kiburi kifuani.

Chaki ilikuwa bado vidoleni simu yangu ilipotetemeka wakati wa chakula.

Ulikuwa ujumbe wa sauti katika grupu ya wauza mbuzi. Kabla sijauweka sikioni nilishaona watu wameuandikia chini, "Mungu tusaidie." Nikabonyeza. Ilikuwa sauti ya mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, mtu ambaye upande wote wa Loima wachungaji wanamjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa akisema kwa lugha yetu:

"Watu wa Namoruputh, ni mimi. Wamevuka. Toeni mifugo sasa, msingoje jua lishuke. Msifuate laga, huko watawaona. Kateni uwanda, elekeeni jua linakotoka. Maji yako mbele yenu. Mwenye mtoto ambebe."

Kwetu mpakani ukisikia "wamevuka" huulizi ni nani. Ni watu wenye bunduki wanaofuata mifugo, na mifugo ikiwa na mwenyewe, wanaanza na mwenyewe. Miaka ya nyuma mjomba aliwahi kuwaonya watu hivyo hivyo, wakahama, na waliorudi walikuta maboma yamekuwa majivu. Tangu hapo sauti yake haikuhitaji kuthibitishwa. Ilitosha kusikika.

Dada yangu wa tumbo moja alikuwa Namoruputh, hicho kijiji cha mpakani. Dada, watoto wake watatu, mbuzi thelathini na wanane, punda mmoja. Mume wake alikuwa ameshuka Lowarengak, ziwani, kutafuta kazi ya samaki, na dada hana simu. Mwenye simu ni jirani yake, mama wa duka. Nikamfowadia. Simu ikakaa kimya, sikujua kama umefika. Nikamfowadia tena.

Ndipo mwalimu akaja na sahani yake kukaa nami, akaona sahani yangu imejaa.

"Mama, hauli?"

Nikamchezea ile sauti. Hakuelewa lugha, lakini alielewa kasi yake. Nikamtafsiria.

"Huyu mzee, unamujua?"

"Ni mjomba wangu."

"Iko wapi saa hii?"

"Yuko kwangu, Lodwar, mtaa wa Nawoitorong. Anaumwa."

"Basi mupigie. Muulize."

"Hawezi kuongea," nikasema. "Ana uvimbe kooni. Tangu kiangazi kilichopita hatoi sauti, ananong'ona tu. Asubuhi ya jana aliniomba chumvi kwa..."

Sikumaliza. Mwalimu aliweka sahani chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Hakuniuliza lile swali la pili la ubaoni. Nilikuwa nimeliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa.

Watu huniuliza, wewe unaishi na mtu, unampikia uji, unamkandia shingo, utasahauje kwamba hana sauti? Sikusahau. Ila mtu unayemjua kwa sauti, sauti yake ikija, inakuja na mwili wake wote. Nilimwona amesimama. Nilimwona na shingo nzima. Huyu wa nyumbani anayenong'ona ndiye aliyekuwa amesahaulika, na hilo mpaka leo linanisumbua kuliko yote.

Nikampigia mama wa duka, na mtandao ukanikatalia zaidi ya saa nzima. Alipokea akihema.

"Dada, asante, Mungu akubariki. Wameondoka. Familia sita. Dada yako ametoka wa mwisho, punda alikuwa anakataa."

"Warudishe. Ni uongo. Ile sauti ni ya zamani."

"Ya zamani namna gani? Ulituma mara mbili. Ya kwanza tukasema labda ni uzushi wa watu wa simu. Ya pili ikaingia, tukasema basi, mtu wa damu yake hawezi kurudia kitu kama si kweli."

"Nilirudia kwa sababu ya mtandao!"

"Sasa mimi ningejuaje?" akaniuliza, na alikuwa na haki. "Wameshapita mlima. Huko simu haishiki, na nani atawafuata wakati kila mtu amesikia kwamba wale wa bunduki wamevuka?"

Nilihesabu kwa vidole vyenye chaki. Watoto watatu. Madumu mawili ya maji, moja lina ufa. Na ule uwanda waliotumwa waukate, mwaka ambao mjomba alisema "maji yako mbele yenu," ulikuwa umenyeshewa na una madimbwi. Mwaka huu haukuwa na kitu. Visima vyote vilikuwa ndani ya laga, ule mto mkavu ambao wameambiwa wasiufuate.

Nikapiga simu ofisi ya naibu wa chifu. Akasema naye amesikia hiyo sauti na anangoja mtu wa kuithibitisha. Nikamwambia mimi ndiye. Akasema sawa, lakini anangoja mwingine. Nikaingia katika grupu, nikaandika kwamba mzee ni mgonjwa, yuko kwangu, hajasema neno, sauti ni ya kale. Majibu yakaja kama mawe.

"Mzee anasema, wewe unaandika. Tumwamini nani?"

"Huyu mama anataka mbuzi wabaki huko awafuate yeye peke yake."

"Amelipwa huyu."

"Kama ni uongo, mzee aseme mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa shimo. Koo moja tu ndilo lingeweza kuifuta ile sauti, na koo hilo lilikuwa limeziba.

Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani. Aliniambia kule kwao aliona watu wakihama kijiji kizima kwa sababu ya neno la redioni, na hakusema walifika wapi. Nilipata gari la mizigo linaloshuka Lodwar, nikafika jua likiwa bado juu ya paa.

Mjomba alikuwa uani, amekaa juu ya ekicholong, kile kigoda cha mbao ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukilazia kichwa wakilala. "Ejok," nikamsalimu. Akajibu kwa midomo. Nikapiga magoti, nikamwekea simu sikioni.

Sijui nilingoja nini. Hasira, labda. Aliisikiliza sauti yake kama mtu anayesikiliza mtoto aliyepotea akiitwa jina. Ilipoisha, akainua kidole. Tena. Nikamchezea tena. Mara hii alifumba macho, na nikaona hasikilizi maneno.

Akanivuta karibu. Ilibidi niweke sikio karibu kabisa na mdomo wake.

"Vyura," akanong'ona.

"Vyura gani, mjomba?"

"Nyuma ya maneno. Wanalia. Sikia."

Nikasikiliza. Chini ya sauti yake kulikuwa na mkwaruzo, wa juu na wa chini, ambao mimi mchana nilidhani ni mtandao mbovu. Walikuwa vyura. Mamia ya vyura. Kwa muda gani sijasikia chura nchi hii? Hakuna mtu Loima aliyekuwa amesikia chura msimu ule wala uliopita. Mwalimu alisema makelele ndiyo yanayoharibu ujumbe. Hapa makelele yalikuwa kitu pekee cha kweli katika sekunde zote arobaini na moja, na ilihitaji mtu aliyechunga mvua maisha yake yote kuyasikia.

"Mwaka ule wa mvua," mjomba akanong'ona. "Niliwatumia kutoka mlimani. Walipona." Akameza, na kumeza kwake kulikuwa kazi. "Nani amenichukua?"

Akainuka, akashika kigoda chake. Akasema twende tukawakute njiani.

Nikamsomea yaliyoandikwa kwenye grupu, lakini nikamkatalia. Nikamwambia daktari alisema asipigwe na vumbi. Akanitazama tu, kisha akanong'ona kitu ambacho nilitaka kujifanya sikusikia. "Wanataka mzee aseme mwenyewe. Wataniona."

Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki, mimi, mjomba katikati, na mwenye boda, mtu mzima wa watoto wanne ambaye mdomo wake haupumziki. Ubavuni tulifunga madumu mawili ya maji.

"Mathe, hii safari ni ya watu wangapi?" akaniuliza. "Naona kama nimebeba harusi."

"Endesha. Ukihesabu abiria utaanguka."

Aliendelea na mizaha mpaka tulipoacha makazi. Baadaye akanyamaza mwenyewe, bila kuambiwa.

Tulipokaribia ile njia inayotoka uwandani na kuingia barabarani, tulikuta malori mawili ya mifugo chini ya miti ya migunga. Yalikuwa matupu, milango ya nyuma imeshushwa tayari. Mtu mmoja alikuwa amelala juu ya kapeti kivulini. Nikamwambia mwenye boda asimame. Mimi watu wa malori nawajua wengi, hao sikuwajua.

"Mnangoja nani?" nikauliza.

"Mbuzi."

"Mbuzi wa nani? Leo si siku ya soko."

"Watakuja tu," akasema, na akajigeuza upande wa pili.

"Mmefika lini?"

"Jana asubuhi."

Ile sauti iliingia katika grupu jana mchana. Nilihesabu saa hizo mara mbili na hazikubadilika. Sitasema zaidi ya nilichoona, kwa sababu sina ushahidi, na huenda mtu alikuwa amelala tu chini ya mti. Lakini biashara yangu ni hiyo. Mwenye mbuzi akiwa na hofu hapatani bei. Mimi mwenyewe, si mara moja, nimemwambia mzee wa watu kwamba lori la mwisho linaondoka wakati najua kuna lingine kesho. Nilipomtazama yule mtu wa kwenye kapeti nilisikia baridi, na haikuwa ya kumwogopa yeye peke yake.

Mjomba alituelekeza mbele kidogo, mahali ambapo mtu yeyote anayeukata uwanda lazima apite kati ya vilima viwili. Akaweka kigoda chake katikati ya njia, akakaa. Tukangoja. Upepo ulikuwa unatoka magharibi na ulileta vumbi jembamba, na kila vumbi nililidhani ni watu.

Saa nne na kitu wakaonekana. Nikahesabu familia. Tano. Nikahesabu tena. Tano.

Wa mbele alikuwa mwanamume mrefu mwenye bunduki ya zamani begani. Alipomwona mjomba alisimama, na nyuma yake wote wakasimama. Hawakukimbilia maji. Kwetu habari haipokelewi kwa haraka hivyo. Yule mwanamume alichuchumaa mbele ya mjomba, na akaanza kuuliza jinsi mleta habari anavyoulizwa.

"Umelala wapi?"

"Lodwar," mjomba akanong'ona. Ilibidi yule aegemee mbele.

"Na juzi?"

"Lodwar."

"Mpakani ulikuwa lini?"

"Sijafika tangu kiangazi."

"Na nyayo za waliovuka, uliziona wewe?"

"Sikuona. Sikusema. Nilisema mwaka ule wa mvua."

Yule mwanamume alimgusa mjomba koo kwa vidole viwili, palipovimba, taratibu. Akageuka akawapigia wenzake kelele, "Hana sauti! Si yeye!" Na nikaona jinsi neno hilo lilivyopita kutoka mtu hadi mtu, kila mmoja akija mwenyewe kuinama, kuuliza, kugusa. Ilichukua muda mrefu. Nilitamani kuwaharakisha, halafu nikakumbuka kwamba haraka ndiyo iliyowafikisha hapa.

"Dada yangu?" nilimuuliza kila mmoja.

"Punda alilala chini. Tulimwambia amwache. Akakataa."

Mwenye boda alikuwa ameshawasha pikipiki kabla sijamwambia. Tulimkuta mbali, uwandani wazi, anamvuta punda kwa kamba, mbuzi wakimfuata. Juu ya punda kulikuwa na yule mtoto mdogo, amefungwa kwa kitambaa, shingo inalegea. Wale wawili wakubwa walitembea wameshika mkia. Watatu. Nikahesabu tena, nikiwa nimeshashuka, nikiwagusa vichwa. Watatu. Dumu lenye ufa lilikuwa limekauka, na lile zima lilikuwa na maji ya kufunika kidole.

Tulimpa mdogo maji kwa kifuniko, kidogo kidogo. Kwanza yalimtoka pembeni mwa mdomo. Halafu akameza. Dada alitazama mpaka alipomeza mara ya tatu, ndipo akanitazama mimi.

"Mjomba amekufa?" akauliza.

"Hapana. Yuko mbele, amekaa njiani."

"Mbona mnanitafuta kama watu wenye msiba?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, pamoja na kutuma mara mbili. Hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kushika.

Tulipofika kwa mjomba, watu walikuwa wamekubaliana kurudi kwa njia ya laga, kwenye visima. Nikatoa simu. Niliona ni jambo la akili, nimrekodi mjomba kwa video, waone koo, wasikie mnong'ono, aseme kwamba ile sauti ni ya zamani, tuitupe katika kila grupu. Nilishaelekeza kamera. Mjomba akaifunika kwa kiganja.

"Kwa nini, mjomba? Ndiyo itawanyamazisha."

Akaninong'oneza, na dada akainama naye asikie. "Na siku watakapovuka kweli, nikatuma mtu awaambie? Watachukua na hiyo video. Watawaonyesha watu, mzee alisema ni uongo."

Nikarudisha simu mfukoni.

Dada alikuwa anakaza kamba za punda. "Na huko mnakoturudisha," akasema bila kugeuka, "nani ameona kwamba hakuna mtu?"

"Nimempigia mama wa duka alfajiri. Nimempigia na mwalimu wa shule ya msingi. Wote wamesema hawajaona kitu."

"Alfajiri."

"Alfajiri."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Ilikuwa inakaribia saa sita. Nikatoa simu nimpigie mama wa duka tena, maana hapo kilimani mtandao ulishika kidogo. Iliita mpaka ikakatika. Mwalimu wa shule naye hakupatikana. Dada alinitazama nikipiga, akaona uso wangu.

"Mtandao," nikasema.

"Mm," akasema dada.

Hakukuwa na maji kwingine ila huko. Wakageuza mifugo. Mjomba alipandishwa pikipiki nikafuata kwa miguu na dada, kila kilima nikitazama juu yake, kila jiwe jeusi nikilihesabu kama kichwa cha mtu. Kwenye kisima cha kwanza tulinywesha mbuzi wa dada. Walikuwa thelathini na sita. Wawili walikuwa wamebaki uwandani.

Tuliingia Namoruputh jua likiwa limeinama. Duka lilikuwa limefungwa kufuli kwa nje. Tulisimama mbele ya ile kufuli, watu wote na mifugo yote, mpaka mama wa duka akatokea nyuma ya nyumba na ndoo mkononi, mzima. Alikuwa ameinyamazisha simu na kuificha ndani ya unga. Alisema tangu jana imelia mpaka kichwa kimemuuma, kila mtu anamletea sauti, na sasa asingepokea tena sauti ya mtu yeyote, hata ya mamake.

Hakuna aliyekuwa amevuka siku ile. Yule mwenye bunduki ya zamani alizunguka maboma akitazama chini, akarudi akasema ameona nyayo za wenyeji tu.

Dada aliingiza mbuzi bomani. Akawasha moto, akamlaza mdogo kwenye ngozi, akapika. Kisha akaketi mlangoni, uso magharibi, upande wa mpaka, na punda akamwacha amefungwa kando yake na mizigo yote mgongoni.